Mfaransa wa Mama Mkwe

Nilipoolewa nilihamia Pasiansi, kwenye nyumba ya mama mkwe. Mume wangu alikuwa akifanya kazi mgodini, upande wa Geita. Anakaa huko wiki kadhaa ndipo anarudi kupumzika, na hakuona maana ya kunipangia chumba mjini wakati mama yake anaishi peke yake kwenye nyumba ya vyumba vinne. Mimi ni fundi cherehani. Nilifika na mashine yangu, mabegi mawili na woga mwingi.

Mama mkwe alikuwa mjane, Msukuma wa Magu, mwanamke mrefu aliyefanya biashara ya dagaa miaka mingi mpaka magoti yalipomkatalia kushuka mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki. Mimi ni Mjita, nimekulia kando ya ziwa hili hili upande wa Musoma, na kwetu watu wanaongea hata kama hawana la kuongea. Kwa mama mkwe ilikuwa kinyume. Asubuhi nilipiga goti nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaniuliza kama nimelala salama, nikasema nimelala salama, basi, tumemaliza mpaka mchana. Chakula nilichopika alikula na kushukuru. Hakuwahi kunisema. Nilifika mahali nikatamani aniseme kidogo, walau nijue nimesimama wapi.

Kilichotusogeza karibu ni televisheni. Mume wangu alikuwa ameacha king'amuzi kimelipiwa, na jioni mama alikuwa na kawaida ya kutazama kwaya kabla ya taarifa ya habari. Jioni moja alibonyeza rimoti vibaya akaangukia kwa watu wanaofungua injini. Nilikuwa nimekaa pembeni napinda suruali ya mteja, nikasubiri abadilishe. Hakubadilisha. Rimoti ilibaki mkononi, imeelekezwa kwenye kioo, na yeye mwenyewe amesahau kuwa ameishika.

Kilikuwa kipindi cha magari ya zamani. Walikuwepo kaka na dada, Wazungu, watu wazima. Kaka, mfupi, mwenye kofia asiyoivua hata akiingia ndani ya nyumba za watu, kazi yake ilikuwa kuzunguka vijijini kwao akinunua magari yaliyochakaa. Dada ndiye alikuwa fundi. Alikuwa na mvi na mikono minene, na muda mwingi ulikuwa unaona miguu yake tu, mwili uliobaki uko chini ya gari. Dada akishalifungua gari lote na kulitengeneza, kaka analiuza, wanapeana mikono na mnunuzi, kipindi kinaisha.

Yote hayo yalikuwa kwa Kiingereza. Mama akageuka akaniangalia.

"Huyu mama anasemaje?" akauliza.

Kiingereza changu ni cha kidato cha nne na hakina injini ndani yake. Nikamwambia anasema kuna kitu kimekatika huku mbele, kinachozungusha kitu kingine. Maelezo hayo yalimtosha. Kuanzia hapo kila jioni ya kipindi nilikuwa natafsiri, na niligundua kwamba vyuma havikumpa shida hata kidogo, alivielewa kwa kuviangalia. Maswali yake yalikuwa ya watu. Alitaka kujua yule dada ameolewa au hakuolewa, na kama ameolewa nani anapika siku anayoshinda chini ya gari. Alitaka kujua kwa nini kaka anazungumza mno wakati wa kununua, kwa sababu yeye mwaloni alijifunza kwamba anayenunua hunyamaza. Yule dada alimpenda. Akimwona anavuta boliti iliyoganda na kukunja uso, na yeye kwenye kochi anakunja uso.

Mara moja umeme ulikatika pale pale mnunuzi alipokuwa anazunguka gari la watu, mdomo ameubana. Mama alikaa gizani akisubiri urudi, haukurudi, tukatoka barazani. Akaniuliza mimi naonaje, limeuzwa? Nikasema limeuzwa, yule mtu alishaipenda ile rangi. Akasema hapana, umemwangalia miguu? Miguu ilikuwa imeelekea getini. Tulibishana hivyo mpaka maharage yakaungua jikoni, na tulipoyala yakiwa na harufu ya moshi bado tulikuwa tunabishana.

Sasa, nyuma ya nyumba, kati ya ukuta na jabali kubwa ambalo mwenye nyumba ya kwanza alishindwa kulivunja, kulikuwa na gari. Lilikuwa la marehemu baba mkwe. Yeye alikuwa bwana shamba, anazunguka vijiji vya pamba, na gari hilo alilinunua kwa watu wa misheni walipokuwa wanafunga safari ya kurudi kwao. Lilitengenezwa Ufaransa, refu kama benchi la kanisani, lenye safu tatu za viti, na nyumbani hapo halikuwa na jina jingine ila Mfaransa. Tangu baba afariki lilikuwa limefunikwa turubai, tairi zimekaa chini, na korongo wa ziwani walikuwa wanapenda kusimama juu ya paa lake kama wazee wanaosubiri kikao. Watu wa vyuma chakavu walikuwa wanapita na mizani yao wakiulizia. Mama anawajibu leo hapana.

Jumapili moja tumetoka kanisani, hata kabla hajavua kitambaa cha kichwa, akaenda nyuma akavuta lile turubai. Nilimkuta amesimama mbele ya gari, mikono kiunoni, vumbi limejaa kwenye gauni lake la ibada.

"Yule dada hapa angeanzia wapi?" akaniuliza.

Nikasema angeanzia kwenye kufungua boneti. Tulishindwa kuifungua. Ndipo nikamtafuta fundi.

Fundi alitoka Igoma, mtu wa miaka arobaini hivi, mwenye gereji kando ya barabara ya Musoma na kicheko kinachotangulia kabla ya mwili kufika. Alifungua boneti kwa kipigo kimoja cha ngumi, akachungulia, akacheka. Alieleza kwa heshima zote kwamba gari hili limeshamaliza kazi yake hapa duniani, na kama mama anataka, yeye anamfahamu mtu anayenunua chuma kwa kilo bila kupunja.

"Sikukuita uje kupima uzito," mama akamwambia. "Nimekuita ulitengeneze, halafu niliuze."

Nadhani tulidhani wote wawili, mimi na fundi, kwamba hilo neno la mwisho limemponyoka tu.

Fundi alikubali, lakini mama alikuwa na sharti. Kila atakachofanya akiseme kwa sauti wakati anakifanya. Kwenye televisheni yule dada anafungua kitu huku anaeleza ni kitu gani na kimepatwa na nini. Mtu akifanya kimya, mama alisema, wewe uliyekaa pembeni unajuaje amefanya nini? Fundi aliguna. Alisema yeye amefundishwa kazi na mtu aliyekuwa anampiga spana ya mguu akiuliza maswali. Lakini alikubali.

Mfaransa alivutwa na lori mpaka Igoma, watoto wa Pasiansi wakimsindikiza hadi njia panda. Kuanzia hapo kila Jumamosi tulikuwa tunapanda gari kwenda gereji, mama na kigoda chake, mimi na chupa ya chai. Aliniomba nimshonee ovaroli kama ya yule dada. Nikamshonea ya kaki, yenye mifuko minne, ila suruali alikataa kuivaa bila kitu juu yake, kwa hiyo alifunga kanga kiunoni juu ya ovaroli, na hivyo ndivyo alivyokaa kwenye kigoda, nusu fundi na nusu mama wa kanisa.

Mwanzoni fundi alikuwa anaeleza kwa aibu, kichwa kimeinama. Anasema hii ni kabureta, imejaa uchafu, naiosha na petroli. Mama anaitikia haya. Hii ni rejeta, imetoboka hapa na hapa. Haya. Muda haukupita sana akaanza kupata ladha. Sauti ikapanda. Akaanza kusimama upande ili tuone vizuri, akawa anasafisha kifaa kabla ya kukionyesha. Siku moja tulifika mapema kuliko kawaida tukamkuta yuko peke yake kabisa, ameinamia gari la mteja mwingine, anasema kwa sauti, "Sasa hapa mnaona wenyewe jinsi breki ilivyoliwa." Alipotuona alikohoa. Lakini wateja walikuwa wamependa, na wengine walikuwa wanabaki kusikiliza hata magari yao yakishakamilika.

Injini ilikubali. Gia boksi ndiyo ilikataa. Fundi aliifungua, akaeleza kwa huzuni, akaifunga tena. Spea ya gari la namna hiyo haikuwepo Mwanza nzima. Akaulizia kwa mafundi wenzake mpaka dereva mmoja wa lori akamwambia ameliona gari kama hilo upande wa Lamadi, kwenye uwanja wa nyumba fulani karibu na barabara. Tulipanda basi sisi watatu.

Gari lilikuwepo kweli. Lilikuwa la bluu zamani, na ndani yake wamekaa kuku. Kuku kwenye viti, kuku kwenye usukani, jogoo mmoja amesimama pale ambapo palikuwa na kioo cha nyuma. Mwenye gari alikuwa mama wa makamo, mfupi, mchangamfu mpaka aliposikia tulichofuata.

"Gari siuzi," alisema. "Kuku wangu wanataga humo vizuri. Nikiwatoa watanunua wapi jingine?"

Fundi alifungua mdomo aeleze habari za gia boksi, mama akamgusa mkono. Akavuta kigoda akakaa. Akaanza kuuliza habari za kuku, kwa Kisukuma, taratibu, nami kwa Kisukuma changu cha kuungaunga nilipata hiki na kile: wanakula nini, ugonjwa wa kideri umepita mwaka huu au haujapita, yule mweusi mbona anachechemea. Waliongea mpaka tukaletewa viazi. Waliongea viazi vikaisha. Mwisho mama akauliza, je, tukiwajengea kuku banda la mbao lenye vyumba, na yeye mwenyewe akachagua fundi seremala, atatuachia gia boksi, milango miwili na kioo cha mbele? Bodi libaki pale pale kwa wale kuku wasiopenda mabadiliko.

Ndivyo ilivyokuwa. Seremala alijenga banda zuri kuliko chumba nilichozaliwa, na kuku, tulivyosikia baadaye, walilikataa kwa muda mrefu wakawa wanalala juu yake. Sisi tulirudi Igoma na mali yetu juu ya basi. Fundi alipokuwa anasafisha mlango mmoja, anaeleza kama kawaida yake, aliingiza mkono kwenye mfuko wa mlango akatoa yai. Akalishika kama mtu aliyepewa mtoto mchanga wa mwenzake. Mama akachukua simu pale pale akampigia yule mama wa Lamadi kumweleza kwamba yai moja limekuja na mlango na halikuwa kwenye makubaliano. Yule mama alicheka akasema mlile. Mama hakulila. Alimpa fundi, fundi akalikaanga kwenye chipsi za jirani.

Viti vilikuwa kazi yangu. Vitambaa vya zamani vilikuwa vimeliwa na panya mpaka springi zimebaki uchi. Cherehani yangu ilivunja sindano tatu kwenye ngozi bandia nikaiacha, nikaenda Igogo kwa watu wanaotengeneza makochi, wakaniruhusu kutumia mashine yao nzito saa za mchana wao wakipumzika. Lakini kabla ya kushona tuligombana, mimi na mama, kwa mara ya kwanza. Yeye alitaka kitambaa cha madoa ya chui, kama makochi ya shemeji yake wa Igoma. Mimi nilikuwa nimeshaona kahawia iliyoiva yenye ukanda mweupe pembeni, na nilikuwa naiona hata nikifumba macho.

Nikasema hapana. Sikuwahi kumwambia hapana. Nilisema gari hili ni la bwana shamba aliyekuwa anavaa soksi mpaka magotini, chui anaingiaje humo. Mama akaviangalia vile vitambaa. Akaendelea kuchambua mchele kwenye ungo, akaumaliza, akaupeta, na mimi nimesimama pale na vipande viwili vya kitambaa nasubiri kurudishwa kwetu.

"Fundi ni wewe," akasema mwisho. "Ukiharibu nitakusema."

Nilifurahi kupita nilivyoweza kuonyesha. Nilishona viti vile kama ninavyoshona gauni la harusi, mshono juu ya mshono, na nilipovileta akavikalia kimoja baada ya kingine, safu zote tatu, akirukaruka kidogo. Hakusema kitu. Hakunisema pia.

Rangi ilibaki. Mama aliitaka ya maziwa, ile ile ya zamani, na akataka ipigwe nyumbani Pasiansi, kwa sababu Igoma kuna vumbi la barabara, na, ingawa hili hakulisema, kwa sababu majirani waliokuwa wanamcheka kwa ovaroli yake walitakiwa waone. Gari sasa lilikuwa linavutika vizuri, likarudishwa nyumbani kwa kamba. Fundi alikuja na kompresa yake asubuhi ya utulivu, jani halitikisiki. Alieleza namna ya kushika bomba la rangi. Alipiga mkono wa kwanza, akasubiri, akapiga wa pili. Gari likang'aa kama bakuli jipya. Majirani walisogea ukutani mmoja mmoja.

Mimi nilitupa macho ziwani nikaona moshi. Ulikuwa umesimama juu ya maji, mrefu, mweusi, unapinda juu kama moshi wa tanuri. Mtu aliyekulia kando ya ziwa anajua ni kitu gani.

Nikasema, "Mama, wadudu wanakuja."

Fundi, ambaye kwao ni Shinyanga ndani kabisa, alisema ule ni moshi wa watu wanaochoma mkaa kisiwani. Nikamwambia lete turubai. Akasema turubai litashika rangi. Tulipokuwa bado tunaongea upepo ukageuka na wadudu wale wadogo wa ziwani wakaingia uwanjani kama pazia. Waliingia masikioni, kwenye chai, ndani ya ovaroli. Walipopita, tulifumbua macho tukaangalia gari. Mfaransa alikuwa na manyoya. Hapakuwa na nafasi ya kuweka kidole isiyokuwa na mdudu aliyenasa, na wale ambao hawajafa walikuwa wanatikisa mabawa, kwa hiyo gari lote lilikuwa kama linapumua.

Fundi alikuwa ameshika bomba la rangi bado, na kwa mara ya kwanza tangu tumfahamu hakuwa na la kueleza. Mama akasogea karibu, akainama akaangalia mlango, akapukuta kitu puani mwake. Halafu akaanza kucheka. Kicheko kilianza kidogo, tumboni, kisha kikapanda, akatafuta jabali akakaa, akacheka mpaka machozi yakachora mistari kwenye wadudu waliomganda mashavuni. Mimi nikashindwa kujizuia. Majirani nao wakaanza. Fundi ndiye alikuwa wa mwisho, na alipoanza ilibidi aweke bomba chini.

"Hili wale Wazungu hawajalipata," mama alisema alipoweza kuongea.

Fundi alilisugua lote upya, na rangi ya pili ilipigwa Igoma, ndani ya banda lililozungushiwa nailoni.

Mume wangu alikuwa nyumbani siku gari lilipokuwa tayari, na tulikubaliana yeye ndiye aliendeshe mpaka Pasiansi. Fundi aliosha mikono, akavaa shati safi, akafungua mlango wa nyuma ili mama aingie. Mama alisimama tu. Mume wangu akaanza kumwuliza kama magoti yanamsumbua.

Mama akatueleza pale pale, gereji, kwa maneno machache. Wakati wa baba, kiti cha mbele kilikuwa cha wageni. Cha mkubwa wa wilaya, cha padre, cha mtaalamu kutoka mjini. Kukiwa hakuna mgeni, kilikuwa cha mifuko ya sampuli za mbegu, isije ikalowa. Yeye alikuwa anakaa safu ya tatu na watoto, na kuku kama wapo. Hakuwa analalamika. Mambo yalikuwa hivyo na baba alikuwa mtu mwema.

"Ila barabara sijawahi kuiona ikija," alisema. "Nilikuwa naiona ikienda."

Fundi akafunga mlango wa nyuma, akafungua wa mbele.

Mimi nilikaa safu ya kati, juu ya kiti changu, mkono kwenye mshono wangu. Tuliteremka kutoka Igoma kuelekea mjini, injini inanguruma kwa sauti nene, na watu wazima barabarani walikuwa wanageuka kwa sababu sauti ile wanaikumbuka. Mama alikaa wima, mkoba mapajani. Alimwambia mwanawe apunguze mwendo. Alimwambia asimpite yule wa pikipiki. Tulipotokea mahali ambapo ziwa linaonekana lote, na mawe yake, na mitumbwi, alisogea mbele karibu aguse kioo, akabaki hivyo. Mume wangu aliniangalia kupitia kioo cha ndani. Hatukusema neno, na kwa familia yetu, hasa upande wangu, hiyo ilikuwa safari ndefu ya kunyamaza.

Baada ya hapo tulizoea. Mume wangu aliporudi kazini alikuwa ameshawaahidi ndugu kwamba Krismasi tutakwenda Magu na gari la baba. Mimi nilikuwa naliosha kila Jumamosi. Kwa hiyo mama aliponiambia nimwite fundi atangaze kwamba gari linauzwa, nilimwuliza gari gani.

Alimpigia mwanawe mwenyewe. Simu ilikuwa kwenye spika. Kisha mume wangu akasema, taratibu, kwamba lile ni gari la baba.

"Baba yako alipenda kuliendesha," mama akamjibu. "Mimi nimependa kulitengeneza. Sasa limeshatengenezeka, mwanangu. Nikiliacha hapo nitabaki nalipangusa vumbi mpaka nife."

Alisema pia kwamba tangu mwanzo aliwaambia watu ataliuza, sasa kama hawakusikia yeye afanyeje. Mume wangu akacheka kwa huzuni kidogo, akasema gari ni lako, mama.

Aliyekuja kulinunua alikuwa dada mmoja wa Nyegezi anayepamba kumbi za harusi na kukodisha magari ya maharusi. Alimzunguka Mfaransa, akagonga bodi, akainama chini. Mama alikaa kwenye kigoda akamwangalia miguu. Dada alitaja bei yake, mama akanyamaza. Akapandisha kidogo, mama akamwuliza kama atakunywa chai. Nilikuwa mlangoni nikijifunza. Walipokubaliana, mama akanyoosha mkono kama kwenye kipindi, wakashikana, kisha akaniambia sikuwapiga picha, wakashikana tena, na mara ya tatu kwa sababu mimi nilikuwa nalia na picha ilitoka imetikisika.

Ndiyo, niliyelia ni mimi. Nilisimama getini nikalitazama linavyopanda ile njia ya mawe na viti vyangu ndani. Mama alikuja akasimama pembeni yangu, akaniacha nimalize, hakunibembeleza. Halafu akaniambia kwamba yule dada ameuliza nani ameshona viti, na kwamba yeye amempa namba yangu bila kuniuliza.

Kutokana na namba ile sasa nina banda langu dogo hapo Pasiansi, na mashine nzito niliyoipata kwa wale wa makochi walipokuwa wananunua mpya. Nashona viti vya magari. Nguo nashona za ndugu tu. Krismasi ile tulikwenda Magu kwa basi, na mume wangu alinuna mpaka Kisesa, kisha akasahau. Kwenye harusi mbili tatu tulizoalikwa tumemkuta Mfaransa nje ya ukumbi amefungwa maua, na mama huwa anaenda kuangalia kama wanalitunza, anapitisha kidole kwenye bampa, anarudi kula pilau.

Mwenyewe ana gari jingine uwanjani, dogo, la duara, injini iko nyuma mahali pa buti, alilolitoa kwa mwalimu mstaafu wa Igogo. Fundi anakuja katikati ya wiki na Jumamosi, na siku hizi wanabishana kama watu walio sawa. Wiki hii ubishi ni rangi. Fundi anasema nyekundu, mama anasema kijani cha majani ya mpamba, na wote wawili wamenitaka niamue. Nimewaambia nikishamlaza mtoto wetu, aliyezaliwa mwaka huu, nitakuja na vipande vya vitambaa, tuviweke juu ya boneti juani, tuangalie.